Uzi: Mteja anakionaje kifungashio "rafiki wa mazingira"? (Kwa wasindikaji wadogo wa unga, karanga, viungo na asali)

Mzani_na_Lebo (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Uzi huu ni wa wasindikaji wadogo, hasa walioamua kuachana na mfuko wa plastiki unaong'aa na kuhamia kaki, chupa au chochote kinachouzwa kwa jina la "rafiki wa mazingira". Swali linalorudi kila mara ni hili: kwa nini mteja anakisifia kifungashio kipya, halafu wiki ya pili ananunua bidhaa ya jirani?

Tuanze na sheria, maana inachanganywa sana. Katazo la Tanzania Bara la 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea. Vifungashio vya chakula kilichosindikwa, dawa na pembejeo za kilimo havimo. Kenya nao, katazo lao la 28 Agosti 2017 liliacha nje plastiki inayofunga bidhaa moja kwa moja kiwandani. Kwa hiyo mwenye karanga ndani ya plastiki iliyozibwa na yenye lebo havunji sheria. Ila wateja wengi wanaamini anaivunja, na imani hiyo ndiyo utakayokutana nayo dukani.

Sasa mteja anapima nini? Kaboni haioni. Ana macho, vidole, na mazoea ya jikoni kwake. Rangi ya udongo anaisoma kama asili, karatasi kama kitu kinachooza, kioo kama usafi, na plastiki inayong'aa kama uchafu wa mitaroni. Hukumu hizo anazitoa kwa sekunde chache tu, na mara nyingi hazilingani na vipimo. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza alitoa hesabu ya mifuko ya kubebea kwa upande wa mabadiliko ya tabianchi. Ili mfuko ushindane na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja na kutupwa, wa karatasi utumike mara 3, wa plastiki nene mara 4, ule mbadala wa polipropilini (plastiki ya nyuzi inayofanana na kitambaa) mara 11, na wa pamba mara 131. Hesabu hiyo haikupima mitaro iliyoziba wala ng'ombe aliyemeza nailoni, na huku kwetu hayo ndiyo yaliyoleta katazo. Kwa hiyo isiwe kisingizio cha kurudisha rambo. Inachotufundisha ni kwamba kifungashio kinakuwa kizuri kwa idadi ya safari zake, na mteja wetu analijua hilo kuliko tunavyodhani.

Tazama ndoo ya mafuta ya kula ya lita 10. Ikiisha mafuta inaoshwa na kuwa ya maji. Kiroba cha unga cha kilo 25 kinafuliwa, kinabebea mkaa au mahindi. Chupa ya jemu inatiwa chumvi, kopo la maziwa linakuwa kipimo cha mchele gengeni. Mteja wa hapa akiuliza "hiki kizuri?" mara nyingi anamaanisha "kitanifaa kwa nini baadaye?" Anayemletea mfuko wa kaki usiojifunga tena, wenye maneno mazuri kuhusu dunia, hajalijibu swali hilo.

Karibuni tujazie. Naomba tuongee kwa vipimo.

---

Kaki_na_Gundi

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kuhusu mfuko wa kaki unaosimama wenye zipu, maana ndio unaouzwa sana kwa wasindikaji na ndio unaodanganya sana.

Mwingi si karatasi tupu. Una tabaka tatu: kaki nje, katikati filamu yenye mng'ao wa alumini, ndani polithini inayoyeyuka ili mfuko uzibike. Kipimo cha kawaida ni kaki ya gramu 50 hadi 80 kwa mita mraba, filamu ya maikroni 12 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), polithini ya maikroni 60 hadi 80. Kinga yote ya unyevu na harufu inatoka kwenye hizo mbili za ndani. Kaki ni sura.

Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha sentimita 5 kwa 5, kiloweke kwenye bakuli la maji usiku kucha. Asubuhi sugua kwa kidole gumba. Karatasi itatoka kama ugali mwepesi, mkononi ibaki ngozi ya plastiki inayong'aa, haijapungua kitu. Mteja aliyeuziwa "mfuko wa karatasi", akauchimbia shambani na kuikuta ngozi ile mvua ijayo, hanunui tena na anasimulia wenzake.

Utafiti wa walaji umeonyesha kwamba kifungashio cha plastiki kikivishwa karatasi kwa nje, watu wanakiona bora kwa mazingira kuliko kile kile cha plastiki kisichovishwa, ingawa plastiki ni ile ile na taka imeongezeka. Msindikaji anayejua hili na bado anaandika "100% karatasi" anauza uongo. Sina lugha laini kwa hilo.

---

Mama_Viungo_Tanga

Asante ndugu. Sasa mtu akiamua kutumia karatasi tupu, bila plastiki ndani, bidhaa gani inakubali?

---

Unyevu75

Dada, jibu liko kwenye hewa ya mahali unapouzia.

Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi. Tanga, Dar na Mombasa unyevu huo ni wa kawaida, hasa usiku na asubuhi. Chumvi, viungo vilivyochanganywa na chumvi, na maziwa ya unga visiwekwe kwenye karatasi tupu pwani. Vitaganda kabla havijafika kwa mteja, na mteja hatasema "karatasi imepitisha unyevu". Atasema "hii ya zamani" au "wamechanganya na unga".

Sukari inastahimili kidogo zaidi, ndiyo maana pakiti ya karatasi ya kilo 1 au 2 imezoeleka. Unga wa mahindi kwenye karatasi ni jambo la kila siku Kenya, pakiti ya kilo 2, kwa sababu mzunguko wake ni wa haraka. Pakiti haikai miezi dukani. Mdalasini wa vijiti, karafuu nzima na majani makavu ya chai vinavumilia karatasi kwa muda mfupi, ila harufu inapotea, na kwa viungo harufu ndiyo pesa.

Karanga za kukaanga na ufuta usijaribu. Mafuta yanatoka na kuchora doa kwenye karatasi, na mteja anasoma doa kama uchafu. Tena hewa na mwanga vinaleta ule uchachu wa mafuta yaliyooza. Wanaoweka kidirisha ili karanga zionekane waelewe kwamba wanafungulia mwanga mlango. Mteja anapenda kuona kilichomo, hilo ni kweli kabisa, basi kidirisha kiwe kidogo, upande wa nyuma au chini, na mfuko usipangwe juani mbele ya duka.

Kipimo rahisi kwa unga: chukua pakiti 5 za gramu 500, unga uwe umekaushwa hadi unyevu wa asilimia 12. Pima kila pakiti, andika, weka stoo ile ile utakayotumia, pima kila wiki saa ile ile. Pakiti ikiongezeka gramu 11 au 12, unga umeshafika asilimia 14, na hapo ukungu unaanza kuwa jirani. Idadi ya wiki ulizofika ndiyo mwisho wa maisha ya bidhaa yako dukani kwa kifungashio hicho. Usinakili tarehe ya mwisho kutoka kwenye pakiti ya plastiki ya mwenzako.

---

Fundi_Sila

Nyongeza kwa mfuko wenye tabaka. Malalamiko mengi ya "kaki inavuja" hayatokani na mfuko bali na uzibaji. Karatasi inazuia joto lisifike ndani. Mashine ndogo ya mkono yenye waya wa joto upande mmoja inaziba plastiki tupu vizuri, lakini kwenye kaki upande wa pili unabaki umeshikana nusu. Unaonekana umezibwa, ukivutwa unafunguka.

Tumia mashine inayopata joto pande zote mbili, mshono wa upana wa milimita 8 hadi 10. Kama huna, ongeza muda kidogo kidogo, ziba, geuza mfuko, ziba tena mahali pale pale. Kisha jaribu: ziba mfuko ukiwa na hewa ndani, uzamishe kwenye beseni la maji, ukamue. Mapovu yakitoka kwenye mshono, rudia. Mfuko huo wa majaribio unautupa, maana karatasi imelowa.

Zipu nayo. Vumbi la unga likiingia kwenye mfereji wa zipu, haifungi tena. Jaza uache sentimita 4 chini ya zipu, pangusa mfereji kwa kitambaa kikavu kabla ya kuziba juu. Mteja akishindwa kufunga zipu mara ya kwanza atakunja mfuko na kuubana kwa kibanio cha nguo, na ile sifa uliyolipia imekufa.

---

Kaunta_ya_Duka

Nizungumzie namna ya kujua mteja anataka nini, maana watu wanapoteza pesa hapa.

Usimuulize mteja "ungelipa zaidi kwa kifungashio rafiki wa mazingira?" Atajibu ndiyo. Ni swali lenye jibu la heshima. Tofauti kati ya anachosema na anachonunua imethibitishwa nchi nyingi, na hapa ipo vile vile. Badala yake weka bidhaa ile ile kwenye vifungashio viwili, uzito ule ule, rafu moja, duka moja.

Wiki mbili za kwanza bei iwe sawa. Wiki mbili zinazofuata ongeza kwenye kipya ile tofauti halisi ya gharama, tuseme Sh 200. Kila siku tatu badilisha nafasi, kilichokuwa kushoto kiende kulia, kwa sababu kilicho karibu na mkono kinauzika bila sababu nyingine. Hesabu kwa kuhesabu mzigo uliobaki asubuhi na jioni, usitegemee kumbukumbu ya muuzaji. Mwisho wa mwezi na mwanzo wa mwezi vigawe pande zote mbili, la sivyo utapima mishahara badala ya vifungashio. Maduka mawili ni bora kuliko moja, la mtaani na la barabarani, maana wateja wake si wale wale.

Andika pia kinachorudishwa na sababu: kimechanika, kimelowa, hakifungi, ndani hakuonekani, "kidogo". Hilo la "kidogo" lishike sana. Kaki yenye kitako inasimama ikiwa nyembamba, na gramu 500 zinaonekana pungufu kuliko kwenye plastiki iliyolala na kujaa. Mteja anaamini amepunjwa. Andika uzito kwa tarakimu kubwa mbele, juu ya mstari wa katikati.

---

Mzani_na_Lebo

Mkuu Kaunta, hiyo ya "kidogo" ni dhahabu.

Niongeze mfano wa Marekani unaofundisha. Mwaka 2010 kampuni ya Frito-Lay ilifunga chipsi za SunChips kwenye mfuko unaooza, uliotengenezwa kwa plastiki itokanayo na mimea. Nia ilikuwa njema na mfuko ulifanya kazi, ila ulikuwa unapiga kelele mno ukishikwa. Watu wakalalamika, wakafungua hadi kurasa za mtandaoni kuupinga, na Oktoba mwaka huo huo kampuni ikauondoa kwenye ladha karibu zote. Kasoro ambayo haipo kwenye cheti chochote, sauti ya mfuko mkononi, iliangusha kazi ya miaka. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mifuko 10,000, mpe mtu auguse, aufungue kwa mkono wenye mafuta, aumwagie maji, aubebe kwenye bodaboda.

---

Chipsi_Kavu

Kwa upande wa vyakula vya kubeba: ile plastiki ya mimea inalegea kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60. Glasi yake ni ya juisi na maji baridi. Ukimiminia chai ya moto inajikunja mkononi mwa mteja. Tena "inaoza" yake si ya shimo la nyuma ya nyumba. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kitu iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi 6 kwenye mtambo wa mboji, na mtambo huo una joto la karibu nyuzi 58. Mahali pasipo na mtambo, glasi hiyo itakaa mtaroni kama plastiki nyingine.

Boksi za mabaki ya miwa zinastahimili joto, ila boksi ikizuia mafuta ajabu uliza imepakwa kitu gani. Nyingi zilikuwa zikitiwa kemikali za jamii ya PFAS (kemikali za kuzuia mafuta na maji ambazo haziozi kirahisi). Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Februari 2024 kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa vifungashio vya chakula. Mwombe msambazaji maandishi ya kuthibitisha hazimo. Kwa haraka, dondosha tone la mafuta ya kula ndani ya boksi. Likisimama kama ushanga bila kutanda wala kunyonywa, kuna kitu kimepakwa. Si uthibitisho, ni sababu ya kuuliza.

Na boksi yoyote ya chipsi itobolewe tundu mbili tatu juu. Mvuke usipotoka chipsi zinalegea, na mteja atalaumu "hizi boksi zenu za karatasi".

---

Mkoba_wa_Sokoni

Naomba kuuliza kuhusu mifuko mbadala ya kubebea, ile laini inayofanana na kitambaa. Wateja wanaiita ya kitambaa. Nifanyeje kujua nimeuziwa GSM 70 (gramu 70 kwa mita mraba) kweli?

---

Kaki_na_Gundi

Kwanza waambie wateja ukweli: ile ni polipropilini, plastiki iliyotandazwa nyuzi. Ikiachwa juani miezi kadhaa inageuka unga mweupe unaoshika mikono. Ikunjwe na kuwekwa kivulini.

Kipimo: kata vipande 10 kutoka sehemu tofauti za mifuko, kila kimoja sentimita 10 kwa 10 kamili, kwa rula na wembe, pasipo na mshono wala maandishi mazito. Weka vyote pamoja kwenye mzani wa jikoni wa gramu. Vipande 10 vya GSM 70 vina gramu 7. Ukipata gramu 4 umeuziwa GSM 40, na huo utakatikia mpini mteja akitia kilo 3 za viazi. Tazama pia mpini umeshikizwaje. Uliochomwa kwa mashine alama ndogo ndogo tu unang'oka. Tafuta ulioshonwa kwa uzi umbo la mraba wenye msalaba katikati.

Mfuko huu unahitaji safari 11 ili kulipa gharama yake ya tabianchi, kumbuka hesabu ya juu. Wa GSM 40 hauzifikishi. Mwembamba ukikatika, mteja hasemi "nimeuziwa feki", anasema "mifuko mbadala haifai", na anatamani rambo lirudi.

---

Asali_Mbichi

Chupa za kioo je? Wateja wanazipenda lakini bei inaniua.

---

Fundi_Sila

Kioo kikitumika mara moja ni mzigo mzito kusafirisha na kuyeyusha. Faida yake iko kwenye kurudi. Wateja wetu wanalijua hilo tangu enzi za kreti ya soda: chupa unaiacha pale pale au unaweka amana. Huhitaji kuwafundisha, unahitaji kuwaonyesha pa kurudisha.

Amana iwe chini ya bei ya chupa mpya lakini isiwe ndogo kiasi cha kupuuzwa, na irudishwe papo hapo dukani kwa fedha au punguzo. Ukimwambia apige simu au asubiri hadi chupa 6, umeua mpango. Lebo iwe ya gundi inayotoka kwa maji ya moto. Lebo ya plastiki yenye gundi kali itakula saa zako zote.

Chupa ikirudi, inuse kabla ya kuosha. Iliyotiwa mafuta ya taa au dawa itenge moja kwa moja. Loweka, toa lebo, osha kwa brashi na sabuni, suuza, kisha joto. Ipashe taratibu, tofauti ya joto kati ya kioo na maji isizidi nyuzi 40 hivi, la sivyo inapasuka. Igeuze kwenye rafu safi ikauke kabisa, maana tone la maji chini ya asali linaanzisha uchachu. Angalia mdomo kwa kidole ukiwa na glavu: uliomeguka, tupa chupa. Kifuniko kiwe kipya kila mara, kwa sababu mpira wa ndani ukishabonyea hauzibi tena na unashika harufu.

---

Mama_Viungo_Tanga

Na lebo niandike nini? Nikisema plastiki imo ndani, si watakimbia?

---

Mzani_na_Lebo

Andika kinachoweza kuthibitishwa na kinachoweza kufanyika nyumbani kwa mteja. Kiwango cha kimataifa ISO 14021 kinakataa madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira" pekee. Anayepeleka viungo au kahawa Ulaya ajue pia kwamba Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2024/825 yanazuia madai ya jumla yasiyo na uthibitisho, na yanaanza kutumika 27 Septemba 2026. Stika ya jani la kijani haitavuka.

Ile pembetatu yenye namba nayo isikudanganye. Ilianzishwa Marekani mwaka 1988 kutambulisha aina ya plastiki tu. Namba 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni polithini ngumu ya madumu, 5 ni polipropilini. Mteja anaisoma kama ahadi kwamba kitu kitachakatwa. Chupa za namba 1 zina waokotaji na wanunuzi mijini. Mfuko wako wa tabaka tatu hauna mnunuzi, kwa hiyo usiupake pembetatu.

Kwa mfuko wa kaki ningeandika hivi, nyuma, juu ya viambato: "Nje karatasi, ndani plastiki ya kuzuia unyevu. Hauozi shambani, usiuchome. Ukiisha, ufute kwa kitambaa kikavu utunzie dengu, mbegu au viungo." Kwa asali: "Rudisha chupa hii dukani uliponunua, upewe Sh 300 papo hapo." Sh 300 ni mfano, weka yako.

Hawatakimbia. Anayesoma ndani ni plastiki anajua kwanza kwa nini imo, pili aufanyie nini. Anayegundua mwenyewe kwenye beseni la maji ndiye anayekimbia.

---

Mama_Viungo_Tanga

Nimeelewa. Binzari ya unga na mchanganyiko wa pilau vibaki kwenye tabaka tatu na maandishi hayo, karafuu nzima nijaribu karatasi tupu pakiti za gramu 50 kwa wiki nne na mzani. Nitaweka vipimo hapa kila Jumatatu.

---

Unyevu75

Weka na pakiti 5 za plastiki pembeni kama kipimo cha kulinganisha, dada. Na karafuu zinuse pamoja na kuzipima, maana kwenye karatasi mafuta yanatoka huku maji yanaingia, mzani unaweza kukuonyesha hakuna kilichobadilika.